Wamormoni na Wakristo wengine: jina la Yesu ni moja, lakini mafundisho yanaachana wapi?

Wakaaji wa Lubumbashi, Kolwezi, Likasi na miji mingine ya RDC wamekwisha kuwazoea: vijana wawili wanaotembea pamoja kwa miguu, shati nyeupe, kravati, na kibao cheusi chenye jina kifuani. Wanasalimia watu kwa heshima na kuomba nafasi ya kuzungumza juu ya Yesu Kristo. Ni mamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu wengi wanaliita Kanisa la Wamormoni.

Kanisa hilo si geni tena nchini. Serikali ya Zaire ililitambua mwaka 1986. Tarehe 14 mwezi wa nne 2019, hekalu lake la kwanza nchini lilizinduliwa Kinshasa, na mwaka uliofuata viongozi wake walitangaza kwamba Lubumbashi pia itapata hekalu. Lakini katika familia nyingi, mtoto akisema anataka kubatizwa huko, swali linatoka palepale: hawa ni Wakristo kama sisi, ao ni dini ingine?

Jibu linategemea nani anaulizwa. Wao wenyewe wanasema bila kusita kwamba ni Wakristo. Wanasali kwa jina la Yesu na wanaamini alikufa msalabani kwa ajili ya zambi za watu na kufufuka siku ya tatu. Lakini Wakatoliki, Waortodoksi na Waprotestanti wengi wanaona kwamba maneno yale yale yanabeba maana tofauti.

Kanisa lililorudishwa, si lililotengenezwa upya

Historia yao inaanzia Marekani, katika jimbo la New York. Joseph Smith, kijana wa familia ya wakulima, alisema kwamba mwaka 1820 Mungu Baba na Yesu walimtokea akiwa anasali porini, na wakamkataza kujiunga na kanisa lolote. Kisha alisema malaika alimuonyesha mabamba ya zahabu yenye maandiko ya watu wa zamani wa Amerika. Alichokitoa humo kilichapwa mwaka 1830, ndicho Kitabu cha Mormoni. Tarehe 6 mwezi wa nne mwaka huohuo, kanisa likaanzishwa.

Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844, akiwa katika gereza la Carthage, jimbo la Illinois. Wafuasi wengi waliongozwa na Brigham Young mpaka kwenye bonde la Salt Lake, ambako walifika mwaka 1847. Makao makuu yako huko hadi leo.

Hapa kuna tofauti ya kwanza. Martin Luther na wenzake walitaka kutengeneza Kanisa lililokuwako. Wamormoni wanafundisha kwamba kisha kifo cha mitume, Kanisa la kweli na mamlaka ya ukuhani viliondoka duniani, na Mungu alivirudisha kupitia Joseph Smith. Kwa Mkatoliki, neno hilo ni gumu: yeye anaamini maaskofu wamepokezana kazi ya mitume bila kukatika. Mprotestanti naye anaamini kwamba, hata pale Kanisa lilipopotoka, Mungu hakuacha kuwa na watu wake duniani.

Mungu mmoja, lakini kwa namna gani?

Jambo kubwa zaidi ni mafundisho juu ya Mungu. Mwaka 325, maaskofu walikutana Nikea, katika Uturuki ya leo, na wakakubaliana kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Kutoka hapo, na katika mikutano iliyofuata, makanisa yameshika imani ya Utatu: Mungu mmoja katika nafsi tatu. Mungu ni roho, hana mwili, hana mwanzo, na aliumba vyote kutoka pasipo kitu.

Wamormoni hawaikubali kanuni ya Nikea. Kwao Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali, wenye umoja wa nia na kusudi. Baba ana mwili wa nyama na mifupa uliotukuzwa, Mwana vilevile. Roho Mtakatifu peke yake ndiye hana mwili wa namna hiyo. Na kuumba, wanasema, ni kupanga vitu vilivyokuwako.

Wanafundisha pia kwamba kila mtu aliishi kwa Mungu akiwa mtoto wake wa kiroho mbele ya kuzaliwa, na kwamba mwanadamu anayeshika maagano anaweza kufikia kuwa kama Baba yake wa mbinguni. Waortodoksi nao wanazungumza juu ya mwanadamu kushiriki uzima wa Mungu. Lakini kwao ni kwa neema tu. Kiumbe anabaki kiumbe, Muumba anabaki Muumba. Kwa Wamormoni, Mungu na watu ni kama ukoo mmoja.

Maandiko na nabii

Wamormoni wanasoma Biblia, na wanaiamini kwa kadiri ilivyotafsiriwa sawasawa. Pembeni yake wanaweka vitabu vitatu: Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Zaidi ya hayo, rais wa kanisa anahesabiwa kuwa nabii, na anaweza kupokea ufunuo kwa ajili ya kanisa zima.

Wachungaji wengi wanajibu kwa Wagalatia 1:8, ambapo Paulo anaonya juu ya injili ingine. Wakatoliki wanasema ufunuo kwa watu wote ulikamilika wakati wa mitume. Wamormoni wanauliza: kama Mungu alizungumza na Musa na Petro, kwa nini anyamaze leo?

Ufunuo unaoendelea una matokeo kwa maisha ya watu. Mwaka 1890, rais Wilford Woodruff alitangaza mwisho wa ndoa za wake wengi, ambazo Wamormoni walikuwa wakizifunga wazi kwa miaka karibu 40. Leo mwenye kuoa wake wengi anafukuzwa kanisani. Na kuna jambo linalotugusa sisi Waafrika moja kwa moja: kuanzia mwaka 1852, wanaume weusi walikatazwa ukuhani, na watu weusi, wanaume na wanawake, hawakupokea baraka kubwa za hekaluni. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa sita 1978, chini ya rais Spencer W. Kimball. Mwaka 2013, kanisa liliandika wazi kwamba linakataa mawazo ya zamani yaliyosema ngozi nyeusi ni alama ya laana. Muumini wa Congo anaona hapo Mungu akiongoza kanisa lake. Mpinzani anauliza kwa nini neno la nabii lilichelewa namna hiyo.

Wafu, ndoa na mababu

Kuna fundisho moja ambalo Mwafrika analisikiliza kwa makini: hatima ya mababu waliokufa mbele ya kusikia Injili. Katika hekalu, Mmormoni aliye hai anabatizwa kwa niaba ya ndugu aliyekufa. Wanasema marehemu, katika ulimwengu wa roho, yuko huru kukubali ao kukataa. Wanategemea 1 Wakorinto 15:29, ambapo Paulo anataja ubatizo kwa ajili ya wafu. Ndiyo sababu wanatafuta sana majina ya mababu na kuandika nasaba, hata zile ambazo wazee wanazitunza kichwani tu.

Wakatoliki nao wanaombea marehemu, lakini hawabatizi mtu kwa jina la mfu. Waprotestanti wengi wanasema kisha kifo kuna hukumu tu, na kwamba Paulo alitaja desturi ile bila kuiagiza.

Ndoa vilevile. Wamormoni wanaamini bwana na bibi waliofungwa hekaluni wanabaki pamoja hata milele, pamoja na watoto wao. Makanisa mengine yanaonyesha Matayo 22:30, ambapo Yesu anasema juu ya ufufuo na ndoa, na yanafundisha kwamba kifo kinamaliza kifungo hicho.

Juu ya maisha ya milele, Wamormoni hawagawi watu kwa mbingu na jehanamu tu. Wanafundisha falme tatu za utukufu, na karibu kila mtu ataingia katika moja ya hizo.

Ubatizo ndio mpaka

Mtu akihama kanisa, tofauti hizi zinatoka katika vitabu na kuingia nyumbani. Huko Katanga, Mmetodisti akiingia Kanisa Katoliki, hawambatizi mara ya pili, kwa sababu Roma inakubali ubatizo wa maji uliofanywa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwa imani ya Utatu. Wamormoni wanatumia maneno karibu yaleyale. Lakini tarehe 5 mwezi wa sita 2001, Vatikani ilijibu kwamba ubatizo wao si halali, kwa kuwa majina hayo hawayaelewi kwa maana ileile. Kanisa la Muungano la Metodisti lilikuwa limekwisha kuamua mwaka 2000 kwamba Mmormoni anayejiunga nalo abatizwe.

Wamormoni nao hawatambui ubatizo wa kanisa lingine lolote. Hawabatizi watoto wachanga. Wanangoja miaka 8. Mkatoliki ao Mmetodisti anayejiunga nao lazima aingie majini upya.

Baada ya ubatizo, maisha yanabadilika: hakuna pombe, tumbaku, kahawa wala chai, fungu la kumi linatolewa, askofu wa kata anafanya kazi yake bila mshahara. Majirani wengi wanasifu nizamu hiyo, hata wale wasiokubali mafundisho.

Lakini familia ingejua mapema jambo moja. Ibada ya siku ya Mungu iko wazi kwa kila mtu. Hekalu, kisha kuzinduliwa, linaingiwa na waumini wenye kibali tu. Mama Mkatoliki ao baba Mmetodisti anaweza kuhudhuria ndoa ya serikali na kucheza katika sherehe, lakini saa mtoto wake anafungwa kwa milele hekaluni, yeye atangojea inje. Heri mtoto amwambie mzazi mapema, kuliko mzazi kuvumbua jambo hilo kwenye mlango.