Mshenga si Kuwadi

Barua ya posa haitumwi kwa posta. Huandikwa kwa adabu, ikafungwa pamoja na fedha kidogo, kisha akakabidhiwa mshenga. Kijana mwenye shauku yake hubaki nyumbani.

Mshenga huwa mtu mzima anayeheshimika, mwenye ulimi wa kuomba bila kujidhalilisha. Ukweni ataulizwa ukoo wa kijana, dini yake, kazi yake. Pengine atatozwa faini kwa kosa asilolitenda, hasa ikiwa binti ameshapata mimba. Atalipa na kuomba radhi. Mjumbe hauawi, lakini hutozwa. Mahari ikitajwa, yeye ndiye wa kubembeleza ipunguzwe. Hata baada ya harusi hayuko huru, maana wawili wakikorofishana huenda akaitwa tena.

Kuwadi naye hupeleka maneno baina ya mwanamume na mwanamke, ila kwa kificho na kwa malipo. Ukimwita mshenga kuwadi umetafuta ugomvi. Tusi hilo limefika hadi kwenye siasa: mwaka 2002 Chachage Seithy L. Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa riwaya aliyoiita Makuadi wa Soko Huria. Kwa jina hilo tu, msomaji anajua nani anashtakiwa.

Je, ubaya wa kuwadi ni ujira? Hapana. Dalali wa vyumba Dar es Salaam hudai kodi ya mwezi mmoja, watu wakanung'unika na kulipa, bila kumwona mwenye aibu. Bei yake inajulikana tangu mwanzo. Kinachomharibia kuwadi jina ni kujificha.

Mshenga ana nafuu nyingine: hatakiwi kuwa katikati. Ametumwa na upande mmoja, na wote wanalijua hilo. Msuluhishi hana bahati hiyo. Mwalimu Nyerere alipokuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi, serikali ya Pierre Buyoya ilimlalamikia kwamba anaegemea upande, na mwaka 1997 ikasusia mazungumzo ya Arusha. Nyerere alifariki Oktoba 1999 kazi haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, makundi makuu ya waasi yakiwa hayamo.