Motokari za Kale, Viungo Vipya

Katika miji ya Marekani, hasa Jumapili alasiri wakati wa joto, huonekana njiani motokari ambazo mtu angedhani zimetoka katika picha za zamani. Ni ndefu, ni pana, zimepakwa rangi mbili, zina vyuma vya kung'aa mbele na nyuma, na nyingine zina mapezi nyuma kama ya samaki. Hizo ni Chevrolet, Ford, Buick na Cadillac zilizotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mpita njia husimama akazitazama kwa furaha. Lakini fundi asikiaye mlio wake hutabasamu, kwa maana sikio limekwisha kumwambia siri: mwili ni wa babu, moyo ni wa mjukuu.

Habari za motokari hizo ndizo tunazotaka kuwasimulia wasomaji wetu leo, na zaidi vijana wanaojifunza ufundi wa vyuma. Watu wengi hufikiri kwamba kutengeneza motokari ya kale ni kuirudisha katika hali yake ya siku ya kwanza, kila parafujo mahali pake. Wako wafanyao hivyo, na kazi yao yastahili sifa. Lakini wako wengine, nao ni wengi, wasemao: Nataka sura ile ile aliyoipenda baba yangu, lakini nataka pia kufika salama. Hao huacha bodi kama ilivyokuwa, na chini yake huweka viungo vya siku hizi.

Mchezo huu una asili yake. Kabla ya vita kuu ya pili, vijana wa California walikuwa wakinunua Ford kuukuu kwa fedha kidogo. Waliondoa madigadi na kila kitu kizito, wakatia mtambo wenye nguvu zaidi, hasa ule wa silinda nane ambao kiwanda cha Ford kiliutoa mwaka 1932, wakaenda kushindana mbio juu ya maziwa yaliyokauka. Vita ilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi nyumbani wakiwa na ujuzi mikononi, maana wengi wao walikuwa wamefungua na kufunga mitambo ya ndege na ya malori. Mwaka 1949 yalianza mashindano ya kila mwaka katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah. Kisha mwaka 1955 Chevrolet ikatoa mtambo wake mdogo wa silinda nane, wa lita 4.3. Ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu, na ulikubali kubadilishwa na kuongezewa nguvu bila taabu nyingi. Mtambo huo ulizaa ukoo mkubwa ajabu: kufika mwaka 2011, kampuni ya General Motors ilihesabu mitambo ya jamii hiyo zaidi ya milioni 100.

Vijana wale walitafuta mwendo tu. Mtu wa leo anayetengeneza Chevrolet ya mwaka 1957 kwa kawaida ni mwenye mvi. Ataka kumchukua mkewe sokoni, na wajukuu wake watakaa kiti cha nyuma. Hapo ndipo jambo linapokuwa zito, kwa sababu motokari zile, pamoja na uzuri wake wote, ziliua watu wengi.

Mwaka 2009, taasisi moja ya Marekani inayogharimiwa na makampuni ya bima, ambayo kazi yake ni kupima usalama wa magari, ilitimiza miaka 50. Kwa ukumbusho huo walichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, wakaziendesha moja kuielekea nyingine, kila moja kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, zigongane pua kwa pua upande wa dereva. Ndani walikaa wanasesere wa kupimia. Watu wengi walitazamia chuma kizito cha zamani kiishinde motokari mpya. Kumbe sivyo! Malibu ilikunjamana mbele tu, na chumba cha abiria kikabaki kizima. Dereva wake angalikuwa mtu, angaliumia mguu kidogo. Katika Bel Air chumba chenyewe kilipondeka, usukani ukasukumwa nyuma, na dereva wake angalikufa. Uzito wa chuma si ngao, ikiwa chuma hicho hakikupangwa namna ya kukunjika.

Basi, fundi mwenye busara huanzia wapi? Kijana huanzia kwenye mtambo, kwa sababu mtambo ndio wenye kelele na sifa. Fundi huanzia kwenye breki.

Breki za motokari nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vinavyopanuka na kusugua ukuta wake. Ukishuka mlima mrefu, ngoma hupata moto. Ikipata moto, chuma hutanuka na kujitenga na viatu. Dereva hukanyaga, na kanyagio huzidi kwenda chini bila faida. Ukivuka maji, viatu hulowa na kuteleza. Breki za sahani hazina kifuniko: sahani huzunguka katika upepo, hupoa upesi, na maji hutupwa nje. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa ngoma za mbele na kuweka sahani, maana gari likifunga breki uzito wake huegemea mbele.

Lakini iko hatari nyingine iliyojificha zaidi, na sisi twaona ndiyo kubwa kuliko zote. Katika motokari nyingi za zamani, mafuta ya breki yalitoka katika chumba kimoja tu na kwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka kwa kutu, mafuta yote humwagika, na dereva hana tena breki hata moja, ila ile ya mkono. Tangu modeli za mwaka 1967, motokari za Marekani zilipata silinda kuu yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma, hata kimoja kikiharibika kingine kifanye kazi. Kiungo hicho si ghali, na fundi wa kawaida aweza kukifunga kwa siku moja. Mtu anayetumia fedha nyingi kupaka rangi, akaacha silinda ya chumba kimoja, amekwisha kuchagua vibaya.

Baada ya breki huja magurudumu na usukani. Mipira ya zamani ilifumwa kwa nyuzi zilizopishana mshazari. Ya siku hizi, ambayo Michelin ya Ufaransa iliivumbua katika miaka ya 1940, nyuzi zake zakata moja kwa moja kutoka ukingo hata ukingo, na hushika barabara vizuri zaidi. Lakini haitoshi kubadili mipira tu. Magurudumu ya mbele ya magari yale yaliinamishwa kwa pembe zilizofaa mipira ya zamani; ukiweka mipya bila kupima pembe upya, gari hutangatanga njiani kama mbuzi asiye na kamba. Wengi husumbuka na jambo hilo miezi mingi, wakidhani usukani ni mbovu.

Tena iko fimbo ya usukani. Katika magari mengi ya zamani ilikuwa nondo moja ngumu iliyonyoka kutoka mbele ya gari mpaka kifuani pa dereva. Gari likigonga mti, nondo ilikuja nyuma kama mkuki. General Motors ilianza kuweka fimbo inayojikunja katika modeli za mwaka 1967, na leo zinauzwa fimbo za namna hiyo zilizotengenezwa kwa kipimo cha magari ya kale.

Mkanda wa usalama nao una habari ya kusikitisha. Ford iliutoa mwaka 1956, kwa mnunuzi aliyekubali kuulipia zaidi, pamoja na kitambaa kinene cha kufunika dashibodi. Wanunuzi wengi hawakujali; walipendelea rangi na nguvu. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader akaandika kitabu cha kuwashitaki wenye viwanda, na tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kuamuru usalama wa magari. Mwaka huo huo watu zaidi ya 50,000 walikufa katika barabara za Marekani.

Mtu atasema: Basi, nifunge mkanda katika Bel Air yangu, na yamekwisha. Siyo rahisi hivyo. Mkanda ukifungwa katika bati jembamba la sakafu, siku ya ajali hung'oka na bati lake. Lazima chini yake liwekwe bamba la chuma. Na magari mengi mazuri ya miaka ile hayana nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, kwa hiyo mkanda wa bega hauna mahali pa kushikwa juu. Ukifungwa chini mno nyuma ya kiti, humkandamiza mtu mabegani na kuuminya uti wa mgongo. Mafundi wengine huunda nguzo ya siri au huleta viti vipya vyenye mkanda ndani yake, navyo pia vyataka sakafu yenye nguvu.

Umeme tutaupitia upesi. Chevrolet zilitumia volti 6 mpaka mwaka 1954, ndipo zikaja volti 12. Dainamo ya kale haikutoa umeme wa kutosha gari liliposimama na mtambo ukazunguka polepole. Alteneta hutoa hata hapo. Badala ya platini zilizoliwa na cheche, siku hizi huwekwa kifaa kidogo kisicho na kitu cha kugusana, nacho huingia ndani ya distribyuta ile ile, hata mgeni akifungua boneti hatambui kitu.

Sasa twafika kwenye mtambo. Wengi huupenda ule ambao General Motors iliutoa katika Corvette ya mwaka 1997: lita 5.7, nguvu za farasi 345, bloku ya aluminiamu. Linganisha na mtambo wa mwaka 1955, uliotoa farasi 162 katika hali yake ya kawaida. Na kwa kuwa kompyuta yake hupima mafuta kwa kila silinda, huwaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, jambo ambalo kabureta haikulijua. Lakini nguvu hiyo yataka giaboksi yake, difu yake, rejeta kubwa zaidi, pampu ya petroli katika tangi, na tena breki. Ndiyo maana kazi iliyodhaniwa ya mwezi mmoja hugeuka ya miaka mitatu, na karakana nyingi zina gari lililofunguliwa ambalo mwenyewe haliwezi tena wala halina mnunuzi.

Wako pia wanaobaki na mtambo wa asili, nao wana tatizo lao. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu visiliwe. Lakini ilitia sumu hewani na kudhuru akili za watoto, hata Marekani ikaikataza kabisa katika magari ya barabarani tangu tarehe 1 Januari 1996. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zikaiacha kufika mwanzo wa mwaka 2006. Basi mtambo wa kale hufunguliwa, na kichwa chake hutiwa viti vya chuma kigumu.

Huko Cuba habari ni nyingine kabisa. Baada ya Marekani kukata biashara na kisiwa hicho, kwa hatua za mwaka 1960 na 1962, motokari za Kiamerika zilizokuwako zilibaki bila vipuri. Wacuba wakazitia mitambo ya Volga kutoka Urusi, mitambo ya dizeli ya malori madogo, na kila kilichopatikana. Vilivyokosekana walivichonga wenyewe. Mmarekani hubadili viungo kwa kupenda, Mcuba kwa lazima, kwa maana gari lake ni teksi na teksi ndiyo chakula cha jamaa yake. Mwandishi wa habari hizi akiulizwa ni fundi yupi hodari zaidi, hatasita kujibu.

Wapenda mambo ya kale hulalamika kwamba kila gari linalobadilishwa ni ushahidi unaopotea. Neno lao lina haki, hasa kwa gari ambalo limebaki zima na adimu. Lakini magari mengi hufika karakanani yakiwa yameliwa na kutu, mtambo wake wa kwanza ukiwa umetupwa zamani. Hayo hayana cha kupoteza. Na bado breki, mikanda na fimbo ya usukani havitaigeuza Bel Air kuwa Malibu. Chumba chake hakikujengwa kuhimili pigo, na mwenye gari apaswa kulijua hilo kila anapotia ufunguo: aende polepole, aepuke njia kuu za usiku, watoto wadogo wapande gari lingine.

Mafundi waangalifu wana desturi moja nzuri. Hawatoboi tundu jipya penye tundu la zamani linaloweza kutumika, wala hawatupi walichokiondoa. Ngoma za breki, dainamo, kabureta, silinda kuu ya chumba kimoja, vyote hupakwa grisi, hufungwa katika karatasi, na kuwekwa juu ya rafu, kila kimoja na kibandiko chenye jina lake na tarehe kilipofunguliwa.