Utafiti ukifungiwa kabatini, mgonjwa ndiye hulipa

MNAMO Aprili 2015, Liberia ilipokuwa ikikaribia kutangazwa kuwa imejinasua kutoka kwa maradhi ya Ebola, maafisa wawili wa wizara ya afya ya nchi hiyo pamoja na mwenzao walichapisha makala katika gazeti la New York Times. Mmoja wao alikuwa Dkt Bernice Dahn, aliyekuwa afisa mkuu wa matibabu nchini humo.

Hawakuandika kuomba msaada wala kutoa shukrani. Walikuwa wamepekua maandishi ya kale ya kisayansi na kugundua jambo lililowatia uchungu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Ebola ilikuwa ugonjwa wa Afrika ya Kati na maeneo jirani, wala haikuwahi kufika Afrika Magharibi kabla ya mkurupuko uliozuka Guinea mwishoni mwa 2013. Kumbe mnamo 1982 watafiti wa Ujerumani walikuwa wamepima damu ya watu nchini Liberia, wakapata dalili kwamba baadhi yao walikuwa wamewahi kukumbana na virusi hivyo. Katika jarida moja la Ulaya waliandika kwamba Liberia ilistahili kuhesabiwa miongoni mwa mataifa yenye Ebola, na kwamba wahudumu wa afya nchini humo walifaa kujiandaa wasije wakaambukizana hospitalini.

Onyo hilo lilikaa kwenye rafu kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna mtafiti wa Liberia aliyeshirikishwa katika kuliandika, na hata baada ya majarida kuhamia kwenye intaneti, daktari aliyetaka kusoma mojawapo ya makala hayo alitakiwa kulipa dola 45. Kiasi hicho, walieleza maafisa hao, kilikuwa karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Zaidi ya watu 4,800 walikufa Liberia pekee, na zaidi ya 11,000 ukijumlisha Guinea na Sierra Leone. Wauguzi na madaktari walikuwa miongoni mwa waliotangulia kaburini, wengi wao wakiwa wamemhudumia mgonjwa wakidhani ana malaria. Hakuna anayeweza kuapa kwamba makala moja ingaliwaokoa. Hata hivyo, ni vigumu kumwambia mjane wa muuguzi kwamba habari hizo zilikuwapo, ila zilikuwa zikiuzwa.

Kisa hicho ndicho kinachoeleza vyema zaidi mjadala ambao umekuwa ukiendelea miongoni mwa wanasayansi kwa zaidi ya miongo mitatu: je, matokeo ya utafiti ni mali ya nani, na yafunguliwe lini?

Msomaji asiyejua mambo ya majarida ya kisayansi huenda akashangaa jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa. Mtafiti, ambaye mara nyingi hulipwa kwa pesa za umma, huandika makala yake na kuyatoa bure. Wataalamu wenzake huyakagua, nao pia bure. Kisha mchapishaji huyauzia vyuo vikuu vilevile vilivyowalipa mishahara waandishi na wakaguzi. Ni kama mkulima apeleke mahindi kinuni bila malipo, asage mwenyewe, halafu anunue unga.

Wataalamu wa fizikia ndio waliotangulia kuchoshwa na utaratibu huo. Mwaka 1991 Paul Ginsparg, aliyekuwa akifanya kazi Los Alamos, Marekani, alianzisha hifadhi ya elektroniki ambamo watafiti waliweka makala yao kabla hata hayajachapishwa, yeyote akaweza kuyasoma bila kulipa. Hifadhi hiyo, arXiv, ingali ikitumika. Februari 2002 kundi la wasomi lilitoa azimio lililopewa jina la mji wa Budapest, likitaka makala yote ya utafiti yawe wazi kwa kila mtu. Mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likishirikiana na wachapishaji wakubwa lilizindua mpango wa HINARI, unaoziwezesha taasisi za mataifa maskini kusoma majarida ya afya bure au kwa ada nafuu.

Hatua hizo zimesaidia, lakini zimezaa tatizo jingine. Majarida mengi yamefungua milango kwa msomaji na kumgeukia mwandishi. Jarida la Nature, kwa mfano, lilitangaza Novemba 2020 kwamba mtafiti anayetaka makala yake yasomwe na wote angetozwa Euro 9,500, yaani zaidi ya Sh1 milioni. Majarida kadhaa huwasamehe waandishi kutoka nchi maskini kabisa. Kwa mhadhiri wa chuo kikuu cha umma Afrika Mashariki asiye na mfadhili, hata hivyo, mlango uliofunguliwa upande mmoja huwa umefungwa upande wa pili.

Makubaliano ya Bermuda

Kusoma makala ni jambo moja. Kuona data yenyewe iliyozaa makala hayo ni jambo jingine, na hapa ndipo wanasayansi wamekuwa wachoyo zaidi. Mtafiti aliyetumia miaka mitano kukusanya takwimu huogopa kwamba akizitoa mapema, mwenzake mwenye kompyuta kubwa na wasaidizi wengi atazichambua usiku mmoja na kunyakua sifa zote. Hofu hiyo si ya kipuuzi.

Ndiyo maana yaliyotokea katika kisiwa cha Bermuda Februari 1996 bado yanazungumziwa. Viongozi wa mradi wa kimataifa wa kusoma jeni za binadamu walikutana huko, wakiwemo John Sulston wa Uingereza na Robert Waterston wa Marekani. Wawili hao walikuwa wamezoea kubadilishana data kwa uwazi walipokuwa wakichunguza jeni za mnyoo mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, na walitaka desturi hiyo iwe sheria kwa wote.

Walikubaliana kwamba kila kipande cha jeni kilichozidi herufi 1,000 kiwekwe hadharani, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya kusomwa. Hakuna kungoja makala wala kuomba hataza kwanza. Herufi hizo ni alama nne za kikemikali ambazo, zikipangwa kwa mfuatano wa karibu bilioni tatu, huunda maelezo yote ya mwili wa binadamu.

Mambo yalichacha 1998 wakati Craig Venter, mwanasayansi mashuhuri wa Marekani, aliposhirikiana na wawekezaji kuanzisha kampuni ya Celera iliyoahidi kumaliza kazi hiyo mapema zaidi. Mpango wa kampuni ulikuwa kuwauzia watafiti na watengenezaji dawa nafasi ya kuona data yake. Isitoshe, iliweza kutumia data ya mradi wa umma, kwa kuwa ilikuwa wazi kwa kila mtu, ilhali mradi wa umma haukuweza kuiona ya kampuni.

Mashindano hayo yalimalizikia Ikulu ya White House mnamo Juni 26, 2000, Rais Bill Clinton alipotangaza kwamba pande zote mbili zilikuwa zimekamilisha rasimu. Mradi wa umma ulitangazwa kukamilika Aprili 2003.

Lakini je, ule ukarimu wa Bermuda ulileta tofauti yoyote? Mwanauchumi Heidi Williams alitafuta jibu katika utafiti aliouchapisha 2013. Alilinganisha jeni zilizokuwa wazi tangu mwanzo na zile ambazo kwa muda zilikuwa chini ya ulinzi wa Celera. Ulinzi huo haukudumu zaidi ya miaka miwili hivi, lakini aligundua kwamba utafiti uliofuata pamoja na vipimo vya hospitali vilivyotokana na jeni hizo vilipungua kwa kati ya asilimia 20 na 30. Kufuli iliondolewa, ila watafiti walikuwa wamekwisha kuzoea kupitia njia nyingine.

Simu kabla ya ndege kupaa

Miaka 24 baada ya mkutano wa Bermuda, uwazi huo ulipata mtihani wake mkubwa zaidi. Mapema Januari 2020 Prof Zhang Yongzhen wa Shanghai alipokea sampuli ya mgonjwa kutoka Wuhan na kwa siku mbili hivi kikosi chake kikasoma jeni zote za virusi vipya, takriban herufi 30,000. Maabara nyingine za China zilikuwa na habari hizo pia, lakini hakuna iliyokuwa imezichapisha.

Mnamo Januari 11 Prof Zhang alikuwa ameketi ndani ya ndege iliyokaribia kupaa kuelekea Beijing wakati mwenzake, Prof Edward Holmes wa Sydney, Australia, alipompigia simu kumwomba idhini. Zhang alitafakari kidogo, akakubali. Kabla ya ndege kutua, ulimwengu mzima ulikuwa ukisoma jeni hizo. Siku iliyofuata maabara yake iliamriwa ifungwe.

Siku mbili tu baadaye, kampuni ya Moderna na watafiti wa serikali ya Marekani walikuwa wameamua chanjo yao itakavyokuwa, bila kumiliki hata tone la virusi vyenyewe. Machi 16, siku 65 baada ya simu ile, mtu wa kwanza alidungwa chanjo hiyo ya majaribio mjini Seattle.

Ukiishia hapo, hadithi hii ni tamu mno. Tatizo ni kwamba kugawana habari na kugawana matunda ya habari hizo ni mambo mawili tofauti. Uingereza ilianza kuwachanja raia wake Desemba 8, 2020. Shehena ya kwanza ya Kenya, dozi zipatazo milioni moja, ilitua Nairobi Machi 3, 2021.

Mwaka huo uo, Novemba 24, wanasayansi wa Afrika Kusini walipiga ripoti kwa WHO kuhusu aina mpya ya virusi vya corona, ambayo siku mbili baadaye iliitwa Omicron. Botswana pia ilikuwa imeigundua. Walifanya kila kitu ambacho kanuni za uwazi zinataka, tena upesi. Zawadi yao ilikuwa kupigwa marufuku: Uingereza, Marekani na mataifa ya Ulaya zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, ingawa aina hiyo ilikuwa tayari imeingia kwingineko. Prof Tulio de Oliveira, aliyeongoza kazi hiyo, alilalamika kwamba marufuku yangeizuia hata kemikali zilizohitajika maabarani kuendeleza uchunguzi uleule ambao dunia ilikuwa ikiusubiri.

Indonesia ilikuwa imeonja uchungu wa aina hiyo mapema. Ilikuwa ikituma sampuli za homa ya ndege kwa WHO, kama ilivyotakiwa, hadi ilipogundua kwamba kampuni ya Australia ilikuwa ikitumia virusi kutoka nchini humo kuunda chanjo ambayo Waindonesia wenyewe wasingeweza kuinunua kwa urahisi. Waziri wa afya wa wakati huo, Siti Fadilah Supari, akasitisha utoaji wa sampuli mapema 2007. Alikashifiwa vikali kwamba alikuwa akihatarisha dunia. Labda ni kweli. Lakini ni kelele zake zilizochangia kuzaliwa kwa mwafaka wa 2011, unaowataka watengenezaji wa chanjo za mafua wanaotumia sampuli hizo kurudisha sehemu ya faida, ama kwa pesa au kwa chanjo.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Katika Ziwa Bogoria, Baringo, ambako maji huchemka yakitoka ardhini na magadi yakayafanya yasinyweke, huishi viumbe vidogo sana vinavyostahimili joto na chumvi. Kutokana na viumbe wa maziwa hayo ya magadi, wageni walipata vimeng'enya vilivyokuja kutumiwa viwandani, ikiwemo kuzipausha suruali za jinzi. Mnamo 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lililalamika kwamba sampuli zilichukuliwa bila idhini yake, madai ambayo kampuni iliyohusika haikukubaliana nayo. Miaka mitatu baadaye KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Denmark ili utafiti wa aina hiyo ufanywe kwa ushirikiano.

Mkataba wa kimataifa wa Nagoya, ulioanza kutumika Oktoba 2014, ulikusudiwa kuzuia visa kama hivyo. Lakini uliandikwa ukiwazia chupa na mirija. Leo hakuna haja ya kubeba tope la Bogoria ndani ya sanduku. Mtu husoma jeni na kuzituma kwa intaneti, na aliye ng'ambo huzitumia bila kuvuka mpaka wowote. Uwazi uliosifiwa Bermuda unaweza kuwa mlango wa nyuma.

Ndiyo sababu mataifa ya Afrika yaliingia katika mazungumzo ya mkataba wa WHO kuhusu majanga ya maradhi yakiwa na msimamo mmoja: atakayepokea data upesi, alipe upesi. Mkataba huo ulipitishwa Geneva mnamo Mei 20, 2025, bila Marekani, ambayo Januari mwaka huo ilikuwa imetangaza kujiondoa katika shirika hilo. Unapendekeza watengenezaji watakaoshiriki watengee WHO asilimia 20 ya chanjo na dawa wanazozalisha wakati wa janga, nusu yake au zaidi ikiwa msaada wa bure na sehemu inayosalia kwa bei nafuu.

Lakini jinsi virusi na data zake zitakavyotolewa, na nani atakayewajibika asipotimiza ahadi, yote hayo yaliachiwa kiambatisho kilichotakiwa kujadiliwa baadaye. Na wajumbe walikubaliana kwamba kabla ya kurasa hizo kuandikwa na kupitishwa, hakuna nchi itakayotakiwa kutia saini.