Kalamu na Mkono wa Mtoto

Miongoni mwa vifaa vyote vya darasani, hakuna kimvutiacho mtoto kama kalamu ya wino. Mwalimu mwanafunzi aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika madarasa ya chini atamtambua mara moja mtoto aliyeruhusiwa kuiacha penseli: kalamu imo mfukoni mwa shati, kifuniko kikionekana. Simu za mkononi zimeenea pote, lakini mvuto huo ungalipo. Walakini mara nyingi ndipo mwandiko wake uanzapo kuharibika, naye mwalimu humlaumu kwa uzembe. Twaona ni vema, kabla ya kulaumu, tuchunguze jinsi kila kalamu ifanyavyo kazi.

Neno "kalamu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ya kale ni utete. Kalamu ya zamani ya pwani yetu ilikuwa utete uliochongwa ncha kwa mshazari na kuchovywa katika kidau cha wino. Kwa kalamu ya namna hiyo ziliandikwa hati za tenzi kwa herufi za Kiarabu. Wino wake hushuka wenyewe, wala mwandishi halazimiki kukandamiza.

Penseli, ambayo wazee waliiita kalamu ya risasi, haina risasi hata chembe. Madini yaliyomo ni grafaiti, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa aina ya risasi. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, akauoka tanuruni. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hupauka. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Alama HB huonyesha penseli ya kati. Wengi huisifu penseli kwa kuwa maandishi yake hufutika. Sisi twaiona sifa yake kubwa kuwa nyingine: penseli humjibu mtoto. Akikandamiza mno, mstari hukolea na ncha huvunjika. Akilegeza, mstari hufifia. Hivyo hujifunza kiasi cha nguvu bila ya kuambiwa.

Biro haimjibu hivyo. Ilibuniwa na Mhungaria László Bíró, mwandishi wa habari aliyeandikisha uvumbuzi wake mwaka 1938, kisha akahamia Ajentina. Ncha yake ni gololi ndogo sana, yenye upana wa milimita 1 au pungufu, izungukayo ndani ya kikombe cha chuma na kubeba wino mzito ukaukao upesi. Mwaka 1950 Marcel Bich alianza kuuza nchini Ufaransa kalamu ya bei nafuu ya namna hiyo, Bic, ambayo hatimaye ilifika hata katika maduka ya vijijini kwetu. Lakini gololi haizunguki pasipo kusukumwa, na kalamu ikilazwa mno, ukingo wa kikombe hukwaruza karatasi na wino hukatika. Mtoto asiyeyajua hayo hukaza vidole, huisimamisha kalamu wima, na baada ya mistari michache mkono humuuma. Kinachoziharibu herufi zake ni uchovu.

Kwa hiyo hatukubaliani na desturi ya kuitoa kalamu ya wino kama zawadi ya kupata hesabu zote. Apewe mtoto awezaye kuandika ukurasa mzima kwa penseli pasipo kuichimba karatasi. Kipimo ni rahisi: geuza ukurasa, upitishe kidole nyuma yake. Ukizigusa herufi, bado.

Mtoto atumiaye mkono wa kushoto (na asilazimishwe kuubadili!) mkono wake hupita juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, kwa hiyo wino ukaukao upesi humfaa sana. Daftari lake lipindwe kidogo kuelekea kulia, naye aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake.

Lipo tatizo jingine tulionalo katika shule nyingi, nalo ni penseli iliyobaki fupi kama kidole gumba. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayomsaidia mtoto aishikaye kwa ncha za kucha. Kata kipande cha utete chenye urefu wa sentimita 12, chomeka penseli hiyo ndani yake, kisha ukaze kwa uzi. Utete mmoja mrefu hutoa vishikio kadhaa. Vikatwe siku moja kabla ya kipindi cha mwandiko, na makali yake yasuguliwe kwa msasa.