Yeremia na Jina la Agano Jipya

Kila Mkristo afunguaye kitabu chake cha dini hukikuta kimegawanyika sehemu mbili, Agano la Kale na Agano Jipya, na ni wachache, hata miongoni mwa waliokisoma tangu utotoni, watambuao kwamba jina la sehemu hiyo ya pili halikubuniwa na mitume, bali lilitamkwa yapata miaka 600 kabla yao na Yeremia mwana wa Hilkia, wa ukoo wa makuhani wa Anathothi, kijiji kilicho karibu na Yerusalemu.

Neno nabii, ambalo Kiswahili kimelipata kwa Kiarabu, ni ndugu wa neno la Kiebrania navi, wala Waebrania hawakumkusudia kwalo mtu apigaye ramli au asomaye nyota. Nabii alikuwa mjumbe aliyetiwa maneno kinywani na Mwenyezi Mungu, akapelekwa kwa wafalme na raia kuwaeleza, watake wasitake, jinsi walivyo mbele Yake. Kutabiri yajayo kulikuwamo, lakini mara nyingi kulikuwa kama onyo la mzazi kwa mwanawe: ukiishika njia hii, huku ndiko utakakofika.

Yeremia aliitwa katika mwaka wa 13 wa kutawala kwake mfalme Yosia wa Yuda, akaonya miaka 40 hata Wababeli wakauteketeza mji wa Yerusalemu, na katika manabii wote sijui mwingine ambaye mateso yake tumehadithiwa kwa urefu kama yake. Karani wake Baruku alipokwisha kuyaandika maneno yake kwa wino, gombo lilisomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu wakati wa baridi, na kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kijisu cha mwandishi akazitupa katika makaa, hata gombo lote likateketea. Basi Yeremia akamtajia Baruku maneno yale tena, na mengine mengi zaidi. Baadaye, katika zama za mfalme Sedekia, wakuu walimshusha kwa kamba katika birika lisilo maji, akadidimia topeni, na aliyemwombea kwa mfalme hakuwa mtu wa taifa lake, bali Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa jumba la kifalme, ambaye kabla ya kumvuta alimteremshia matambara makuukuu ayatie kwapani, ili kamba zisimchubue. Mimi husimama kila mara nifikapo hapo, kwa kuwa huruma iliyofikiria hata kwapa za mfungwa ni huruma kubwa.

Tena, mji ukiwa umehusuriwa naye amefungwa katika ua wa walinzi, alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha, akaamuru hati zake zihifadhiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu. Shamba lenyewe adui alikuwa amekwisha kulikalia! Na katika kitabu chake, habari hiyo inafuata mara baada ya ile ahadi kuu, ya kwamba Mungu atafanya agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, sheria Yake iandikwe mioyoni badala ya mawe, na dhambi zisikumbukwe tena.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomo katika kikombe ambacho Wakristo hukinywea katika Meza ya Bwana. Luka na Paulo wanasimulia kwamba Yesu, usiku wa kutolewa kwake, alikiita agano jipya katika damu yake, na Waraka kwa Waebrania unayanakili maneno ya Yeremia kwa urefu usiopata kufikiwa na nukuu nyingine yoyote ya maandiko ya kale katika Agano Jipya. Ndiyo sababu Marcion, tajiri wa Ponto aliyefundisha huko Roma katika karne ya 2 kwamba Mungu wa manabii si Baba yake Yesu, alikataliwa na kanisa: angaliwaondoa manabii, mezani pangalibaki kikombe kisicho na maelezo. Lakini pia Mkristo mwadilifu hasahau kwamba waliotajwa katika ahadi ile ni Israeli na Yuda, na kwamba Wayahudi wangali wakiisoma kama ahadi yao.

Yeremia mwenyewe hakuiona ikitimia. Baada ya mji kuanguka, watu waliolikataa shauri lake la kubaki nchini walimchukua mpaka Tahpanhesi, katika nchi ya Misri, na huko ndiko habari zake zinakokomea, mbali na shamba alilolilipia.