Jino, Mfupa na Hukumu: Riwaya za Ruth Galloway na Simulizi ya Usambara

Makala haya yanaeleza nafasi ya mabaki ya mwili kama ushahidi, kwa kulinganisha mfululizo wa riwaya za upelelezi za Elly Griffiths wa Uingereza na matini ya Kiswahili inayohusu milima ya Usambara.

Mfululizo huo una riwaya 15, zilizochapishwa kati ya 2009 na 2023. Mhusika mkuu, Ruth Galloway, ni mwanaakiolojia anayewasaidia polisi kuchunguza mifupa. Katika riwaya ya kwanza, mpelelezi Harry Nelson anamwita akidhani mifupa iliyoonekana ni ya mtoto aliyepotea miaka kumi nyuma. Ruth anabaini kuwa ni ya Zama za Chuma. Basi kazi ya kwanza ya elimu yake si kumtia mtu hatiani, bali kuutenga mfupa na dhana iliyoutangulia.

Usambara inatoa mfano ulio kinyume. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na kuanza kuchapishwa Magila katika miaka ya 1890, inamsimulia Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyekuja kutawala Washambaa huko Vugha. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akahesabiwa kuwa kigego. Jamaa zake wakamnyima urithi. Hapa dhana ndiyo iliyoushika mwili.

Lugha inashuhudia jambo hilo. Kigego ni nomino yenye kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa viumbe hai: kigego huyu amezaliwa. Umbo lake linakaribiana na gego, jino la nyuma la kutafunia. Jino limefanywa mtu, na mtu amefanywa mkosi.

Je, mtaalamu kama Ruth angepewa fuvu la mtu wa aina hiyo angeona nini? Asingeona kitu. Meno ya utotoni hung'oka, na kinywa cha mtu mzima hakionyeshi ni lipi lililotangulia. Ushahidi uliomhukumu kigego haumo mwilini. Umehifadhiwa katika simulizi tu.

Hali ya pili ni ya mifupa isiyo na simulizi. Mwaka 2023, taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni wa Wajerumani. 202 yalihusishwa na Tanzania. Kwa machache, vipimo vya vinasaba viliwatambulisha jamaa walio hai. Mengi yamebaki na namba za makumbusho bila majina ya wenyewe.

Kwa muhtasari, simulizi bila mfupa huweza kumhukumu asiye na kosa, na mfupa bila simulizi humwacha marehemu bila ukoo. Riwaya ya Kiswahili itakayomweka mwanaakiolojia wa jinai Lushoto itahitaji mhusika anayesoma vyote viwili: fuvu lililo mezani, na maneno ya wazee waliolizika.