Usukani Ukienda Upande

Sisi watu wa pwani tulilijua neno usukani kabla ya kuliona gari. Lilikuwa neno la chombo, na nahodha hakuhitaji kuambiwa kwamba usukani ukigeuka chombo nacho hugeuka. Gari lina hila zake. Usukani waweza kukaa upande ilhali gari laenda sawa; tena waweza kukaa sawa kabisa ilhali ndani mna maradhi.

Marehemu baba alituachia Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Hili si gari la kudharauliwa. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003. Kwetu sisi lilikuwa amana, na mama hakutaka kusikia habari ya kuliuza.

Siku moja gurudumu la mbele liliingia shimoni kwa kishindo. Tangu hapo, tukienda moja kwa moja, usukani ulikaa umeinama kuume. Nikalipeleka kwa fundi mmoja kijana. "Kazi ndogo hii, bwana," akasema. Akaung'oa usukani, akaurudisha ukiwa umenyooka. Kwa kuwa ulikuwa na ulegevu kidogo, akakaza na skrubu ya boksi la stelingi. Nikalipa, nikashukuru.

Wiki haikwisha nikaona ajabu. Nikipinda kona, usukani unakuwa mzito, na nikiuachia haurudi wenyewe kama ada yake. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Nilipoulazimisha kurudi, gari lilikwisha kuvuka mstari wa kati ya barabara. Mwenyezi Mungu alitustiri. Hapakuwa na gari mbele yetu.

UCHUNGUZI WA MZEE

Baada ya sala ya alasiri nikamwendea fundi mzee, jirani yetu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, jambo hili lilianza lini?" Nikamweleza habari ya shimo. "Basi shimo lilipinda chuma," akasema. "Usukani ulikuwa shahidi, nanyi mkamziba mdomo."

Hata hivyo hakukimbilia spana. Kwanza alipima upepo wa magurudumu yote, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huvuta gari upande wake. Pili, akaliendesha mahali tambarare. Barabara zetu nyingi huinama kando ili maji ya mvua yateremke, na dereva anayepita kushoto huulaza usukani kuume kidogo bila ya kosa la gari. Tatu, alitazama kama gari lenyewe lavuta. Gari likivuta, huenda ni tairi, breki inayoshika upande mmoja, au ekseli iliyopinda. Letu halikuvuta.

Kisha akaliinua kwa jeki, akatikisa kila gurudumu kwa kulishika kulia na kushoto, halafu juu na chini, apate kujua kama viungo vimelika. Vilikuwa vizima. Ndipo akazifungua tairodi, yaani vile vyuma viwili vinavyotoka kwenye boksi kwenda magurudumuni. Akazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho akihesabu, akaurudisha nusu. Hapo ndipo katikati ya boksi.

"Katikati hapa meno hubana," akanieleza. "Ukitoka kando, huwa na nafasi. Nyinyi mlikuwa mkienda moja kwa moja boksi likiwa kando, kwenye nafasi. Kijana akaona ulegevu, akakaza. Sasa kila mkipinda na kupita katikati, meno yanasagana."

MIZANI YAKE

Msomaji mpenzi, shika mizani hii. Gari likienda sawa, boksi liko katikati na usukani umeinama, basi usukani ulifungwa vibaya, ung'oe uurekebishe. Boksi likiwa kando na usukani umeinama kiasi hicho hicho, kosa liko chini, kwenye tairodi au kilichopinda. Na boksi likiwa kando lakini usukani umenyooka, jua kwamba mtu ameficha kosa. Hilo la tatu ndilo la hatari, kwani halionekani kwa macho.

Kweli, tairodi moja ilikuwa imepinda, na iliyopinda imekuwa fupi. Mzee akatia nyingine mpya, akalegeza ile skrubu, akaliweka boksi katikati na usukani mahali pake pa asili. Mwisho akazirekebisha tairodi: akipunguza moja, huongeza ya pili kiasi kile kile, ili magurudumu yasipoteze mlingano wao.

Nilipomuuliza ujira, alitaja kiasi kidogo, akaongeza: "Usimlaumu sana kijana. Wewe ulimtaka akunyoshee usukani, naye akakunyoshea. Hukumtaka akutafutie kosa."

Idd iliyofuata nilimpeleka mama Malindi kuwaona jamaa. Katika kila kona usukani ulirudi wenyewe, polepole. Mama aliuvuta uradi wake kwa utulivu kule nyuma, wala hakujua kwamba safari hii nami nilikuwa nikishukuru.